Jicho Kwenye Ukuta wa Bibi Mkunga

Fundi Jicho hajawahi kuomba radhi kwa kosa ambalo si lake, ndiyo maana ana maadui wengi kuliko wateja. Tuanzie hapo, tusidanganyane. Watu wanapenda habari za fundi mnyenyekevu, anayefuta jasho kwa kiganja na kusema "ndiyo bosi" hata akiambiwa ujinga. Huyu siye. Ukimwongelesha vizuri atakunywa chai yako na kukusifia mapazia. Ukimwongelesha vibaya atashuka kwenye ngazi polepole, hatua moja moja, na ukimwona anashuka hivyo ujue umekwisha.

Ni mama wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mkono wa kushoto umejaa alama ndogondogo za kuungua na lehemu. Kazi yake ukiitaja haraka watu wanadhani unatania: anarefusha rimoti. Rimoti unayoshika inatoa mwanga ambao macho yetu hayauoni, na mwanga wenyewe ni mvivu. Haupiti ukutani, haupiti mlango wa mbao, hata mto wa kochi ukiukinga unakata tamaa. Sasa watu wa siku hizi hawataki kuona redio wala king'amuzi. Wanataka kila kitu kifichwe kabatini, au kikae chumba kingine kabisa, halafu wao wabonyeze wakiwa wamelala. Hapo ndipo anapoitwa. Anabandika kijicho cheusi ukutani, pale mtu alipo. Anapitisha waya mwembamba darini mpaka kabatini, kwenye kisanduku kidogo kama kiberiti. Kwenye kisanduku unatoka waya mwingine wenye kitu kidogo mwishoni kama punje ya dengu, ambacho mafundi wanakiita kiroboto, na kiroboto huyo anagandishwa usoni mwa redio. Ukibonyeza chumbani, kijicho kinaona, kisanduku kinapokea, kiroboto anamulika, redio inatii. Basi. Hamna uchawi.

Alianza kwa kufagia. Kulikuwa na duka la kutengeneza TV, zile za zamani zenye kichogo, na mwenye duka alimwajiri kwa sharti moja: asiguse meza. "Wewe kazi yako ni sakafu," alimwambia. Sawa. Lakini rimoti mbovu zilikuwa zinatupwa chini ya meza, na chini ya meza ni sakafu. Akawa anazibeba nyumbani kwenye mfuko wa nguo, anazifungua kwa kisu cha mezani, anazikagua. Nyingi hazikuwa na ugonjwa wowote zaidi ya chai iliyomwagika chini ya vibonyezo. Akizisugua zinafufuka. Baada ya miaka mitatu mwenye duka mwenyewe alikuwa anamwita pembeni, sauti ya chini, wateja wasisikie: "Hebu nitazamie hii." Kisha TV bapa zikaja, za kichogo zikafa, na duka likafa nazo. Yeye hakufa. Alichukua ngazi, drili na begi, akaingia mitaani.

Mpaka leo akigonga geti anaulizwa, "Fundi yuko wapi?"

"Umemshikia mlango," anajibu. "Ukipisha kidogo ataingia."

Simu ya Bibi Mkunga iliingia Jumatatu asubuhi. Sauti ilikuwa ya mtu aliyezoea kutiiwa.

"Wewe ndiye unayetoboa kuta?"

"Shikamoo. Inategemea kuta za nani."

"Marahaba. Zangu."

"Nakuja."

Bibi Mkunga alikuwa amesimamia uzazi wa mtaa mzima kwa miaka thelathini na minane. Wanaume wazima wenye vitambi walikuwa wanamwamkia kwa adabu barabarani kwa sababu ndiye aliyewapiga kofi la kwanza. Ile nyumba aliijenga yeye, chumba kimoja baada ya kingine, kwa mshahara wake na wa marehemu mumewe. Halafu mwaka jana akateleza bafuni, nyonga ikavunjika, na tangu hapo dunia yake ikawa kitanda, kiti cha magurudumu na dirisha moja kubwa. Miguu ilikataa. Kichwa kilikuwa kikali vilevile.

Mwanawe wa kwanza, Kaka Mkubwa, akahamia na mkewe kumtunza. Na tuwe wa haki, walimtunza. Shuka safi, dawa kwa wakati, chakula cha moto. Lakini walimtunza kama mtu anavyotunza kabati: unalifuta vumbi, unalipeleka unapotaka, huliulizi kitu. Redio yake kubwa waliihamishia sebuleni, ikafungiwa kwenye kabati la mbao chini ya TV. Spika alizofunga marehemu zilibaki ukutani mwa chumba chake. Kwa hiyo alichosikia Bibi kilichaguliwa na mkwe wake huko sebuleni, na mkwe alikuwa amesoma mahali kwamba wazee wanahitaji utulivu.

"Asubuhi mpaka jioni nasikilizishwa filimbi," Bibi alimwambia Jicho, amekaa kitandani wima, miwani puani. "Filimbi, mwanangu! Mimi si nyoka."

"Unataka nini?"

"Nataka taarifa ya habari ya saa saba. Nataka ngumi wakitangaza. Na nataka kuzima nikichoka, siyo kuita mtu kama nimezama kisimani."

Jicho hakuwa amefungua begi vizuri, Kaka Mkubwa akatokea mlangoni. Mtu mrefu, sauti laini, mwenye tabia ya kuongea juu ya kichwa cha mama yake kana kwamba kitanda ni kitupu. Alikuwa anafanyia kazi zake za ofisi nyumbani, kwenye meza ya chakula, na kila saa ya kula ilimbidi akusanye makaratasi yake kwa hasira.

"Dada, samahani kwa usumbufu. Mama hahitaji hivyo vitu. Rimoti itamchanganya."

"Nimeitwa na mwenye nyumba," Jicho alisema, akichomeka drili.

"Mimi ndiye ninayemwangalia."

"Basi mwangalie. Mimi natoboa."

Akatoboa. Kijicho kikakaa ukutani mbele ya kitanda, chini kidogo ya saa. Waya ukapanda darini, ukashuka sebuleni nyuma ya kabati. Rimoti ya asili ya ile redio ilishapotea, kwa hiyo alimpa Bibi rimoti ya vyombo vyote, ile yenye kibonyezo cha kuchagua redio na kingine cha kuchagua TV. Kile cha TV akakibandika tepu nyeusi, Bibi asikiguse kwa bahati mbaya.

Sasa kuna jambo moja la kikazi lazima lisemwe hapa. Waya wa viroboto wa aina ile unakuja na vichwa viwili, umegawanyika mwishoni kama ulimi wa mjusi. Chombo kikiwa kimoja, unatumia kichwa kimoja, na cha pili mafundi wengi wanakikata. Jicho hakati. Anasema kesho mteja ataongeza kitu, utamwambia nini? Kwa hiyo kile cha pili alikizungusha pamoja na waya uliobaki, akausukuma mzigo wote juu, nyuma ya kabati, akafunga mlango. Amefanya hivyo miaka kumi na moja, nyumba baada ya nyumba, na anajisifia.

Akarudi chumbani, akawasha kamera ya simu, akamwambia Bibi aielekezee rimoti usoni na abonyeze. Kwenye kioo cha simu kikatokea kidoa cheupe chenye uzambarau, kinapepesa.

"Ahaa," Bibi alisema. "Kumbe kipo. Siku zote kipo, ila sisi ndiyo hatukioni."

"Ndiyo hivyo. Bonyeza sasa kuelekea ukutani."

Filimbi ikakatika katikati ya pumzi. Mtangazaji wa ngumi akaingia akipiga kelele kama anapigwa yeye. Bibi Mkunga akaegemea mto, akafumba macho, akatabasamu.

Wiki mbili baadaye, Alhamisi, Kaka Mkubwa akapiga simu. Ile sauti laini ilikuwa imeota miiba.

"Fundi, TV ya sebuleni inajizima. Tumekaa tunaangalia, pap, imezima. Karibu kila siku, jioni. Tangu ulipoweka madude yako."

"Nakuja kuangalia."

"Huji kuangalia, unakuja kutoa. Nimeleta fundi wa dukani, mtaalamu, amesema waya wako unavujisha umeme. Unataka kutuchomea nyumba?"

Alipofika, fundi wa dukani alikuwepo. Kijana wa miaka thelathini, shati lenye nembo kifuani, kalamu tatu mfukoni. Alikuwa amesimama mbele ya kabati mikono kiunoni kama anayepigwa picha.

"Mama, hii teknolojia imepitwa," alianza. "Halafu huu waya una liki."

"Una nini?"

"Unavuja. Umeme."

Jicho aliomba glasi ya maji. Mkwe akamletea akidhani ana kiu. Akatumbukiza vidole vyote mle, akavitoa vinachuruzika, akauchomoa waya wa umeme kwenye kisanduku, akazibana ncha zake mbili kwa vidole vilivyolowa, akasimama vile akimtazama kijana.

"Volti tano," alisema. "Chaja ya simu yako hiyo hiyo. Nikianza kukauka kama samaki uniambie."

Mkwe aliziba mdomo asicheke. Kijana akatazama kalamu zake.

Lakini Kaka Mkubwa hakucheka. "Kama siyo waya, basi ni Mama," alisema, na safari hii hakuona hata haja ya kushusha sauti. "Anabonyezabonyeza ovyo. Hajijui. Ndicho nilichokuwa nasema. Jumamosi dada yangu anakuja, tunakaa kikao. Mama atahamia chumba cha nyuma, kile cha stoo, tumeshakisafisha. Ni kidogo, hakina mambo mengi ya kumchanganya. Na hicho chake nitakifanya ofisi. Kwa hiyo fundi, ng'oa tu."

Jicho aliwahi kukiona chumba cha nyuma alipokuwa anatafuta njia ya waya. Kidirisha kimoja juu, ukubwa wa sinia, kinatazama ukuta wa jirani. Mtu akiingizwa mle na kiti cha magurudumu hageuki mpaka atolewe.

"Ning'oe nini?" alisema. "Sijajua ugonjwa ni nini bado. Ngoja nikaongee na mteja wangu."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Bibi Mkunga alikuwa anamsubiri, rimoti mapajani. Jicho aliitazama ile rimoti. Tepu nyeusi haikuwepo.

"Bibi."

"Naam."

"Ile tepu?"

"Nimeibandua siku ileile. Mtu akinifunikia kitu, lazima nitake kujua kuna nini chini yake. Nimezalisha watu miaka thelathini na minane, unadhani nitaogopa tepu?"

"Kwa hiyo ni wewe unayezima TV yao."

"Ni mimi."

Jicho akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kichwani tayari alikuwa ameshafuata waya wote, kutoka pale ukutani mpaka nyuma ya kabati, na akajua. Kichwa cha pili. Ule mzigo alioupachika juu ulikuwa umejisukuma polepole na kuchungulia kwenye upenyo wa juu wa kabati, chini kabisa ya TV, pale pale TV inapopokelea rimoti. Kiroboto wa pili alikuwa anamulika TV kana kwamba amewekwa kwa makusudi. Miaka kumi na moja ya kujisifia.

"Hilo ni kosa langu," alisema. Lilimtoka kwa shida, lakini lilitoka. "Waya niliuacha vibaya. Lakini wewe unazima ya nini? Huiangalii wewe."

Bibi akavuta droo ya kando ya kitanda. Akatoa kadi, zile kadi ngumu za kliniki, za zamani, zenye mistari. Wakunga waliandika humo: saa, dakika, uchungu umeanza lini, mtoto anapumua vipi. Mwandiko wake ulikuwa umenyooka kama uzi.

"Kila ikifika saa kumi," alisema, "wanaongeza sauti ya TV. Nikajiuliza, hawa si viziwi, mbona? Siku moja nikazima. Mtu TV ikimzimikia ghafla, mdomo hausimami hapohapo. Anamalizia sentensi. Nikasikia sentensi. Kesho yake nikazima tena." Akampa kadi. "Soma."

Jicho akavaa miwani, akasoma. Akasoma ya pili. Akafika ya tano akavua miwani, akaifuta kwenye gauni, akasoma tena.

"Nitoke niwaambie sasa hivi?"

"Uwaambie nini? Kwamba kikongwe anapeleleza? Watasema ndiyo dalili yenyewe." Bibi akamshika mkono, pale penye alama za lehemu. "Nipe mpaka Jumamosi. Using'oe, usifunge, usiseme. Wakikutukana, unaweza kuvumilia?"

"Kuvumilia siwezi," Jicho alisema kweli. "Ila kunyamaza siku mbili nitajitahidi."

Na hapo ndipo lilipokuwa jaribu lenyewe, kwa sababu Jicho kunyamaza ni kama wewe kutopumua. Alitoka sebuleni akakuta wote watatu wamesimama.

"Umegundua nini?" Kaka Mkubwa aliuliza.

"Nimegundua. Nitasema Jumamosi, kwenye kikao."

"Kikao cha familia yangu? Wewe nani?"

"Mtuhumiwa. Umesema nataka kuchoma nyumba, umesema mbele ya fundi mwenzangu. Nitajibu mbele ya watu wote, na huyu mwenye kalamu aje pia."

"Basi mimi nitakata huu waya leo."

Jicho akasogeza ngazi yake, akaikunjua mbele ya kabati, akakaa kwenye kipandio cha chini, begi miguuni. "Waya ni mali ya mama yako. Ukiukata, utaingia mle chumbani umwambie umekata kitu chake. Nenda kamwambie kwanza. Mkasi ninao, nitakuazima."

Hakwenda. Mtu aliyekuwa anapanga kumhamisha mama yake kama meza hakuweza kwenda kumwambia hata juu ya waya. Jicho alikaa pale nusu saa nzima, ananyonya peremende, mpaka Kaka Mkubwa akaambiwa na mkewe, "Achana naye, Jumamosi siyo mbali."

Kijana wa dukani ndiye aliyemfuata mpaka getini. "Mama, hii kesi ya nini? Ungeng'oa tu, ukaenda zako. Kuna kazi nyingi mjini."

"Wewe umeng'oa ngapi ambazo hukujua zina nini?"

Kijana akafikiri kweli kweli. "Nyingi," alisema.

"Ndiyo tofauti yetu."

Jumamosi saa kumi, sebule ilijaa. Dada mtu alikuwa amefika asubuhi, mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache, bado na mkoba wa safari miguuni. Kaka Mkubwa alikaa kwenye kochi refu na makaratasi. Mkwe alipanga vikombe. Fundi wa dukani alikaa karibu na mlango, bila kalamu safari hii. Jicho alisimama kando ya ngazi yake. Aliambiwa akae, akakataa. TV ilikuwa inaunguruma.

"Mbona sauti kubwa hivi?" dada mtu aliuliza.

"Mama asisikie," alisema Kaka Mkubwa. "Ataumia bure. Sikia, mdogo wangu. Mama siyo yule unayemjua. Hajijui. Anashika rimoti anabonyeza tu, anazima vitu, ukimuuliza hana habari. Juzi hakukumbuka hata alichokula asubuhi. Chumba kile ni kikubwa kwake, kinamchanganya. Na mimi nahitaji mahali pa kufanyia kazi, tusifichane. Tukimhamishia nyuma atazoea. Baada ya wiki hatajua hata kama alihama, na hata akijua, nani atamsi..."

TV ikazima.

"...kiliza," mdomo wake ukamalizia, ndani ya ukimya, kila mtu akisikia.

Kutoka chumbani, bila haraka, ikaja sauti.

"Mimi nasikiliza. Endelea, mwanangu. Umefikia hapo pa nani atanisikiliza."

Mkwe alishika kikombe kwa mikono miwili.

"Umechoka? Basi nisome mimi," sauti ikaendelea. "Jumatano ya kwanza, saa kumi na dakika nne. Mkwe kasema: chumba chake kina mwanga mzuri, meza itakaa pale dirishani. Alhamisi, saa kumi na dakika kumi na moja. Mwanangu kasema: atakubali tu, ni kama mtoto. Jumanne, saa kumi na dakika ishirini. Mwanangu kasema: hakumbuki hata alichokula. Pembeni nimeandika: mkate, yai moja, chai bila sukari. Yai lilikuwa halijaiva. Niendelee? Ziko kumi na moja."

Dada mtu alishainuka. Alisimama kwenye mlango wa chumba, akatazama ndani, akamgeukia kaka yake. "Huyu ndiye hajijui?"

"Alikuwa anatupeleleza!" Kaka Mkubwa alisema, na sasa sauti haikuwa laini tena. "Mama, kweli? Kutusikiliza kwa siri?"

"Siri ni ya nani? Mimi sijatoka kitandani. Nyinyi ndio mliofunika maneno kwa TV ili mnigawane nikiwa hai."

"Hatukuwa tunakugawa..."

"Mlishapanga meza itakaa wapi."

Kaka Mkubwa akatafuta mtu wa kumrukia, akamwona Jicho. "Wewe! Wewe ndiye uliyetuletea haya. Umeona ulichofanya?"

Jicho akashuka. Hakuwa juu ya ngazi, lakini alishuka hivyohivyo, kwa namna ya kuongea, hatua moja moja.

"Nitakwambia nilichofanya. Njoo uone." Akafungua mlango wa kabati, akatia mkono nyuma, akaibua ile punje nyeusi kwenye upenyo chini ya TV, akaishika kati ya vidole wote waione. "Hiki ni kichwa cha pili. Nilipaswa kukifunga, sikukifunga. Kilichungulia kikawa kinaizima TV yenu. Hilo ni kosa langu, miaka kumi na moja nafanya hivi najiona hodari, leo nimejua ni kosa. Nasema mbele ya fundi mwenzangu. Waya hauvuji. Mama yako hajachanganyikiwa. Alichagua TV, akabonyeza kuzima, TV ikazima. Akabonyeza mara kumi na mbili, na mara zote kumi na mbili alipata alichokitaka. Mimi nina wateja wenye digrii hawajawahi kufika mara mbili."

Kijana wa dukani aliangua kicheko, akajifanya anakohoa.

"Kung'oa sing'oi," Jicho alimalizia. "Siyo leo, siyo kesho. Anayeweza kuniambia ning'oe yuko mle ndani, na hajaniambia."

"Na sikwambii," ikaja sauti.

Kaka Mkubwa alikaa. Makaratasi yalimteleza magotini, hakuyaokota. Mkewe ndiye aliyeongea, kwa sauti ndogo, akitazama zulia. "Mimi nilisema tumuulize kwanza. Wiki ile ya kwanza. Nilisema."

"Ulisema," Bibi alijibu kutoka ndani. "Jumamosi ya kwanza, saa kumi na dakika mbili. Nimeandika hilo pia. Halafu ukaacha kusema."

Dada mtu alirudi sebuleni, akabeba kiti kimoja cha meza ya chakula bila kumwomba mtu ruhusa, akakiingiza chumbani. Akarudi akabeba cha pili. Cha tatu akakiweka mbele ya kaka yake na kukiacha hapo.

Jicho aliingia na tepu mkononi. Chumba kilikuwa kimejaa mwanga wa jioni mpaka juu ya shuka. Bibi Mkunga alikuwa amevaa gauni la kutokea na hereni, kadi zimepangwa mbele yake.

"Bibi, kile kichwa cha pili. Nikifunge? Maana kazi yenyewe inataka nikifunge. Lakini ukisema nikiache, nitakiacha na kosa langu."

Bibi akafikiri. Huko sebuleni walimsikia Kaka Mkubwa akivuta pumzi, kisha miguu ya kiti ikikwaruza sakafu.

"Kifunge," alisema. "Sikihitaji tena. Kuanzia leo wakitaka kunizungumzia watakuja kuzungumzia hapa."

Kaka Mkubwa alitokea mlangoni amekumbatia kiti kifuani. Akasimama pale, kizingitini, hajui aingie au arudi.

"Kiweke dirishani," mama yake alimwambia, "pale ulipotaka kuweka meza. Ukae tuanze. Na uongee kwa sauti, usiogope, mimi nasikia vizuri."